Ramadhani, siku ya 9: Benchi la nyuma kliniki ya kisukari



Leo nina jambo langu mwenyewe la kuwaambia. Nimelikawiza tangu mwezi uandame, maana linanitia haya.

Mwezi wa Rajabu nilipimwa nikakutwa na kisukari. Daktari aliniandikia vidonge, kisha akasema vidonge peke yake havitoshi, nihudhurie mafunzo pale pale kliniki, Alhamisi nne, saa mbili asubuhi. Mdomoni nikasema sawa. Moyoni nikasema, mimi shekhe, mimi mwalimu mwenye diploma, nikafundishwe kula? Mama watoto ndiye aliyenisukuma. Alhamisi ya kwanza nikaenda, kofia nimeivuta chini, nikakaa benchi la nyuma.

Kumbe benchi lile lile amekaa mzee wetu mmoja wa safu ya mbele. Kisa chake amenipa ruhusa nikiseme, jina hapana. Aliponiona akacheka, "Shekhe, na wewe?" Wakati wa mapumziko akanikumbusha, bila kinyongo wallahi, kwamba kabla ya Ramadhani iliyopita aliniuliza kuhusu sukari yake, nami nikamwambia amtegemee Mwenyezi Mungu, afunge tu, saumu ni dawa. Akafunga. Siku ya tatu, saa tisa alasiri, wanawe walimkuta chini jikoni, jasho limemlowesha kanzu, anasema maneno yasiyoeleweka. Wakamkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu ya sukari.

Nikaikumbuka siku aliyoniuliza. Ilikuwa baada ya Alfajiri, nina haraka, viatu viko mkononi. Sikumuuliza hata anatumia dawa gani.

Mnaijua hadithi ya Jabir, iko kwa Abu Dawud, ya yule mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapata janaba. Aliwauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu hana, maana maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopewa habari aliwalaumu vikali, akasema wao ndio waliomuua, na kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Hadithi hiyo nimeifundisha madrasa miaka mingi, kwenye mlango wa tayammum. Sikuwahi kufikiria kwamba naweza kuwa mmoja wa wale waliojibu.

Basi nikavua kofia ya ushekhe, nikasoma. Na niseme kama mtu wa ualimu, sista yule anajua kufundisha. Hakutuandikia ubaoni. Alileta sahani ya kawaida na vyakula vyetu halisi. Akasema nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe samaki, nyama au maharage, na robo iliyobaki ndiyo wanga, yaani ukichagua muhogo, wali na tambi usubiri siku nyingine. Hebu iangalieni futari yetu sasa. Muhogo wa nazi, magimbi, tambi za sukari, kaimati, na uji juu yake wenye sukari vijiko vinne. Mboga iko wapi? Tende ni sunna na hakuna anayekukataza, lakini witri inaanzia moja. Mwenye kisukari moja inamtosha.

Kuchelewesha daku na kuharakisha kufuturu, tulivyofundishwa utotoni kuwa ni sunna, sista naye alitusisitizia vile vile. Anataka mwili ukae muda mfupi iwezekanavyo bila chakula. Kwa hiyo mwenye kisukari anayekula saa nne usiku akalala mpaka Alfajiri anajitafutia balaa.

Sasa kupima. Wengi mnaogopa kutoboa kidole mchana mkidhani saumu inabatilika. Haibatiliki. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jedda mwaka 1997, lilitaja kutolewa damu kwa ajili ya vipimo, na sindano zisizokuwa za lishe, miongoni mwa mambo yasiyofunguza. Insulini imo humo. Dripu ya sukari ndiyo inafunguza, maana hiyo ni lishe.

Mashine ikisoma chini ya 3.9 unafungua hapo hapo, hata kama adhana ya Magharibi imebaki dakika kumi. Ikipita 16.6 unafungua pia, ukamwone daktari. Kwa mashine zinazosoma kwa mamia ni chini ya 70 na juu ya 300. Ukitetemeka, ukatoka jasho la baridi, moyo ukaenda mbio, akili ikavurugika, na mashine huna, fungua. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, subiri dakika 15, upime tena kama unaweza.

Na hapa ndipo penye haya yangu. Siku ya 5 ya mwezi huu, saa kumi na moja na robo jioni, mashine yangu ilisoma 3.6. Natumia glibenklamaidi, na hiyo ni katika dawa zinazoweza kuishusha sukari ukiwa na njaa. Nilikaa kitandani naiangalia namba. Shetani akaniambia, imamu mzima, saa moja tu imebaki, nani atajua? Nikainywa ile sukari. Kisha nikaja nikawaswalisha Magharibi, na hamkujua. Kesho yake nilirudi kliniki, daktari akanipunguzia dozi. Siku hiyo nitailipa inshaallah, kama aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zinavyomruhusu mgonjwa.

Mzee wetu mwaka huu hafungi kabisa. Daktari amemkataza, maana figo nazo zimeguswa, na hatarajiwi kuja kulipa. Kila siku anatoa kibaba cha mchele kwa maskini. Mkimwona mchana anakunywa maji barazani kwake, mwacheni. Nimeshasikia minong'ono, na wanong'onaji nawajua.

Kuna jambo moja sikulitarajia kliniki, nalo ni miguu. Kisukari hufisha hisia za nyayo, mtu anakanyaga msumari asijue. Sista akasema tuitazame miguu kila siku, katikati ya vidole mpaka kisiginoni. Nikajiuliza, sisi si tunaiosha mara tano, na kupitisha kidole katikati ya vidole ni sunna? Tunaosha tu, hatutazami. Tazameni. Mkimaliza udhu kausheni katikati ya vidole, maana unyevu unaleta fangasi. Na wale mnaoswali uani siku ya Ijumaa, saruji ile saa saba inaunguza. Mwenye ganzi ya miguu asitembee peku pale. Nimeshamwambia katibu atandike mikeka mpaka kwenye mabomba.

Msisome haya mkabadilisha dawa wenyewe. Dozi yangu si dozi yako, na mwenye insulini, mjamzito, au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka aende kliniki kesho, asisubiri Idi.

Jumamosi baada ya Alasiri sista amekubali kuja msikitini. Atapima, atajibu maswali, na kina mama watakuwa na nafasi yao upande wao. Njooni na daftari la kliniki na dawa zenu zote mfukoni, hata zile za mitishamba mnazoficha. Wa fidia wamwone katibu. Na yeyote niliyewahi kumjibu juu ya ugonjwa wake nikiwa nimesimama mlangoni, aje aniulize tena, safari hii tutakaa chini.

Wassalaam alaykum.