Sindano Isiyo na Dawa

Nafuu ikija na tusijue imetoka wapi, je, ni nafuu ya kweli? Swali hili nimelibeba tangu dada yangu, ambaye ni msusi, aanze kudungwa sindano kavu kwa ajili ya ganzi ya mkono.

Kwanza tuelewane. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: mifupa chini, utepe mgumu juu. Humo hupita kano za vidole pamoja na neva moja. Humo ndani kukivimba, neva hubanwa, na kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi, hasa usiku. Sindano kavu huitwa hivyo kwa sababu haina dawa. Hudungwa kwenye msuli uliokaza, kisha huchomolewa. Basi.

Mwaka wa 1979, daktari Karel Lewit wa Chekoslovakia aliandika kwamba kinachopunguza maumivu ya misuli ni mchomo wenyewe, wala si dawa inayoingizwa. Mwaka wa 1998, watafiti wa akupancha nchini Ujerumani wakaleta sindano bandia: ni butu, hurudi ndani ya mpini wake badala ya kupenya ngozi, na mgonjwa hudhani amedungwa. Walitaka kujua nafuu inatoka kwa sindano ama kwa imani.

Wenzangu huniuliza, sasa shida iko wapi? Kama analala usiku, si inatosha? Siwadharau. Kwa mtu anayesuka rasta kutwa nzima, usingizi si kitu kidogo. Na uchungu ukipungua, umepungua.

Lakini neva haijui imani. Ikibanwa muda mrefu, msuli wa shina la kidole gumba hunyauka, na hata upasuaji wa kukata ule utepe huenda usiurudishe. Kwa hivyo kosa silioni kwenye sindano. Naliona kwenye kunyamaza, kuchukua pesa za mtu bila kumwambia: "Hii huenda ikakupunguzia uchungu, lakini sikuahidi itafungua njia ya neva. Funga mkono kwa banzi usiku. Ukianza kuangusha vikombe, usingoje, nenda hospitali."

Mtu akiambiwa hivyo kisha achague sindano, amechagua mwenyewe. Asipoambiwa, amechaguliwa na mwingine. Dada yangu siku hizi huuliza kabla ya kunyoosha mkono: hii inaondoa uchungu ama ugonjwa? Anayeshika sindano alifaa kulijibu hilo hata kabla ya kuulizwa.