Walikwenda Delphi Kuijua Kesho

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, ambaye peke yake ndiye Mjuzi wa ghaibu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.



Likizo iliyopita Allah alinijaalia kwenda Ugiriki kwa kozi fupi ya wiki mbili. Siku moja ya mapumziko waandaaji walitupeleka kwa basi la watalii kutoka Athens hadi Delphi, mwendo wa karibu kilomita 180. Mbele aliketi mama mmoja mwongozaji, kipaza sauti mkononi, akitueleza kila mji na kila mlima tulioupita. Mimi nilikuwa na Sura Ar-Rum moyoni, aya ya 9, ambamo Allah anawauliza wanaokanusha kama hawakutembea ardhini wakaona mwisho wa waliowatangulia, watu waliowazidi nguvu na walioilima na kuijenga ardhi kuliko wao. Nikasema leo nitaifanyia kazi aya hii kwa miguu yangu. Sikujua kwamba kabla ya jua kuchwa aya ingenigeukia mimi mwenyewe.

Delphi iko ubavuni mwa mlima Parnassus, majabali juu yake na bonde la mizeituni chini yake. Unapanda njia ya mawe, unapita jengo dogo la marmar ambamo watu wa Athens waliweka sadaka zao, kisha unafika kwenye hekalu la Apollo. Leo limebaki sakafu na nguzo sita tu, nazo zimesimamishwa upya na wachimbuaji. Humo ndimo alimoketi mwanamke aliyeitwa Pythia, juu ya kigoda cha miguu mitatu, akijibu maswali ya waliotaka kuijua kesho. Walikuja wafalme na wakulima. Walilipa ada, wakachinja mbuzi, wakasubiri zamu zao.

Mwongozaji akatusimulia kisa cha Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, nchi iliyokuwa katika Uturuki ya leo. Mwanahistoria Herodotus ameandika kwamba mfalme huyu alituma dhahabu nyingi Delphi, akauliza kama aende vitani dhidi ya Cyrus wa Uajemi. Akajibiwa kwamba akienda, ataangusha dola kubwa. Akafurahi, akaenda. Dola iliyoanguka ilikuwa yake.

Kundi zima likacheka. Nami nikacheka. Kisha kicheko kikanikwama kooni.

Ndugu zangu, najua tumefundishwa kusitiri makosa yetu, na kwa miaka miwili nimelisitiri hili. Ninalieleza kwa kuwa naliona likienea katika mabweni yetu. Nilipokuwa mwaka wa pili nilikuwa nikingoja jibu la ufadhili wa masomo. Usingizi ulinipaa. Rafiki akanipa namba ya simu ya mtu aliyejiita sheikh, anayesoma nyota kwa jina lako na la mama yako. Nikatuma pesa kwa simu. Akanijibu kwamba mlango mkubwa utafunguka, ila kuna mtu wa karibu anayenionea kijicho.

Mtu wa karibu ni nani kwa mwanafunzi? Ni yule mnayelala chumba kimoja. Tangu siku hiyo sikula tena sahani moja na mwenzangu. Nilificha vitabu vyangu, nilikataa chai yake, hata salamu yake niliijibu kwa shingo upande. Muhula mzima. Croesus aliambiwa neno lenye pande mbili akaanza vita na Cyrus. Mimi niliambiwa neno linaloweza kumfaa kila mtu duniani, nikaanza vita na ndugu yangu Muislamu ambaye hakunikosea chochote.

Ilipofika Adhuhuri, mimi na ndugu mmoja kutoka Sudani tuliomba dakika kumi, tukaswali pembeni mwa maegesho, tukikusanya na Alasiri na kupunguza kama wasafiri. Katika sijda nilikumbuka Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Nilihesabu zangu. Na Hadithi nyingine inazidi kutisha, kwamba anayemsadiki mtu huyo amekufuru yale aliyoteremshiwa Muhammad (S.A.W.).

Tuliporudi kwenye basi mwongozaji alituongezea jambo. Hekalu lile liliungua mwaka 548 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Likajengwa upya, kisha likabomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 373. Likajengwa tena. Mwishoni mwa karne ya nne baada ya Isa, mfalme Theodosius akapiga marufuku ibada za miungu ile, na mlango ukafungwa moja kwa moja. Fikirini, ndugu zangu. Nyumba iliyouza habari za kesho haikuona moto wake ukija. Haikuona tetemeko lake.

Sisemi kwamba watu wa Delphi waliteremshiwa adhabu kama Adi na Thamud. Hatuna nassi juu yao, na hukumu yao iko kwa Mola wao. Lakini mazingatio yapo wazi. Katika Sura An-Naml, aya ya 65, Allah amebainisha kwamba hakuna aliye mbinguni wala ardhini ajuaye ghaibu isipokuwa Yeye. Majini walimfanyia kazi Nabii Suleiman (A.S.) huku amekwisha kufa, ameegemea fimbo yake, wasijue mpaka mdudu alipoitafuna fimbo akaanguka. Na Mtume wetu mwenyewe, kipenzi cha Allah, aliamrishwa katika Sura Al-A'raf, aya ya 188, awaambie watu kwamba lau angeijua ghaibu angejizidishia kheri nyingi wala lisingemgusa baya. Ikiwa Mtume aliambiwa hivyo, wa kwenye simu ni nani?

Tena pimeni. Sura Ar-Rum inaanza kwa habari za Warumi wa mashariki, dola ambayo Ugiriki ilikuwa ndani yake. Walikuwa wamepigwa na Waajemi, na Jerusalem ilitekwa mwaka 614. Qur'ani haikusema dola fulani itaanguka, kisha ikawaachia watu wabahatishe. Iliwataja Warumi, ikasema watashinda, na ikaweka muda wa miaka michache. Mwaka 627 jeshi la Heraclius likawapiga Waajemi karibu na Ninawi. Hiyo ndiyo tofauti ya habari itokayo kwa Mwenye ghaibu na neno la mtu anayekula kwa hofu za watu.

Basi mwanafunzi anayengoja matokeo, kazi au mchumba afanye nini? Jabir bin Abdillah (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiwafundisha istikhara kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Rakaa mbili za sunna, kisha dua, ambayo ndani yake unakiri kwamba Allah anajua nawe hujui. Kisha shauriana na wenye busara, soma, tuma maombi yako, uende.

Na tusiigeuze istikhara kuwa Delphi. Wapo wanaoswali kisha wakakaa wakingoja ndoto au ishara, na isipokuja wanasema swala haikujibiwa. Istikhara haikuletwa ili uione kesho. Imeletwa ili umkabidhi kesho yako Mwenye kuijua, ulale.

Niliporudi nilimwendea yule mwenzangu. Alikuwa amekwisha kuhama chumba. Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, akasema, "Nilidhani mimi ndiye niliyekukosea, nikawa nakuombea dua." Allah amlipe kheri. Amenisamehe, ila muhula ule haurudi.

Ewe ndugu yangu, ewe dada yangu, ikiwa simu yako ina namba ya mtu wa aina hiyo, ifute leo kabla ya Magharibi. Na ikiwa neno lake limekufarikisha na mtu, mtangulie kwa salamu.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulipotafuta kwa waja kile kilicho Kwako tu. Tutosheleze kwa halali Yako, turidhishe na qadari Yako, na uunganishe nyoyo zetu. Aamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.