Hofu ya Kukosa na Ilimu ya Mtoto

Je, moyo wa mwanadamu waweza kupokea ilimu hali umejaa hofu ya kukosa? Hili ni swali la dini kama lilivyo la malezi, kwa kuwa toba yenyewe haina maana kwa kiumbe ambaye hakupewa nafasi ya kukosa; na nijuavyo mimi, ni mahali pachache ambapo swali hili hudhihirika kama katika shule za kati za Korea ya Kusini, ambamo watoto wa miaka 12 hadi 15 hukaa mbele ya mwalimu aliyetoka ng'ambo.

Serikali ya nchi ile ilianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwaajiri wageni ambao Kiingereza ni lugha yao ya utotoni, wawafundishe watoto bega kwa bega na walimu wenyeji. Mgeni huyo aingiapo darasani kwa mara ya kwanza, aghalabu huulizwa umri wake, na kama ana mke au mume, kabla hajaulizwa neno lolote la somo. Naye asiyejua desturi za watu hudhani amevunjiwa heshima, kumbe katika nchi ile umri na cheo ndivyo vipimo vya taadhima, na mtoto aulizaye hivyo anatafuta mahali pa kumweka mgeni wake asije akamkosea adabu. Basi hata katika maamkio hofu ya kukosa imekwisha kutangulia.

Kisha huja kimya. Mwalimu huuliza swali jepesi, na darasa zima, ambalo huenda lina watoto zaidi ya ishirini, huinamisha macho kwenye madaftari. Wako wageni wanaokata hukumu papo hapo kwamba watoto hawa ni wavivu au hawafahamu, nayo ni hukumu isiyo na insafu, kwa sababu mara nyingi watoto hao hao wakipewa karatasi ya mtihani hujibu masuala ya sarufi ambayo mgeni mwenyewe angeyafikiri kwa kitambo. Maarifa wanayo, walichonyimwa ni idhini ya kukosea mbele ya wenzao, maana ajibuye vibaya hufedheheka, na ajibuye vizuri mno huonekana anajikweza.

Chimbuko la hofu hiyo liko mbele yao, katika mtihani mkuu wa kuingia chuo kikuu, ambao hufanywa kila Novemba, na ambao taifa huutukuza hata ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati watahiniwa wanaposikiliza Kiingereza. Kwa ajili ya siku hiyo mtoto wa shule ya kati hutoka darasani na kuingia katika vyuo vya binafsi, viitwavyo hagwon, hata usiku. Mjini Seoul sheria iliamuru vyuo hivyo vifungwe saa nne za usiku. Wenye kuipinga walifika hata Mahakama ya Katiba, nayo mwaka 2009 ikaithibitisha. Mwalimu amwonaye mtoto wa namna hii akisinzia asubuhi, namsihi asihesabu usingizi ule kuwa ni dharau.

Mgeni naye, kwa kawaida, hana mamlaka makubwa juu ya alama. Watoto humwuliza kama somo lake litatoka katika mtihani, na wageni wengi huumia moyo wanapoulizwa hivyo. Mimi naiona hali hiyo ya kutoshika alama kuwa daraja tukufu kuliko zote awezazo kupewa mwalimu. Akianzisha mchezo wa mikono wa mkasi, jiwe na kitambaa, darasa lililokuwa kimya hupaza sauti, kwa sababu katika bahati hakuna aibu; na katika furaha hiyo Kiingereza kibovu hutoka vinywani bila ya kusitasita, nacho hakirekebishiki mpaka kitoke.

Nchi yenyewe imelitambua jambo hili. Mwaka 2013 ilianza kujaribu, na mwaka 2016 ikaeneza katika shule zote za kati, muhula mmoja usiokuwa na mitihani ya kuandika. Wazazi wengi walishikwa na wasiwasi, na hagwon zikawa tayari kuujaza wakati ulioachwa wazi.

Atakuja mtu na hoja kwamba taifa lililotoka katika vita mwaka 1953 likiwa fukara lilipanda kwa ukali wa masomo. Siikani juhudi ile, nami naistahi kwa dhati. Lakini juhudi ni kitu kimoja na hofu ni kitu kingine, na hata katika hofu dini zimepambanua: kumcha Mungu, ambako humnyosha mja hata akiwa peke yake, na kuyacha macho ya watu, ambako humfunga mtu kinywa panapo kweli. Mtoto anyamazaye darasani amefungwa na hii ya pili. Wala mgeni peke yake hatoshi kumfungua, kwa kuwa mkataba wake aghalabu ni wa mwaka mmoja, kisha huenda zake. Mwalimu mwenyeji hubaki na watoto wale wale pamoja na daftari la alama, na kwa kuwa yeye ndiye ajuaye lugha yao na wazazi wao, ndiye anayestahiki zaidi kupewa saa kadhaa katika juma ambazo daftari hilo limefungwa.