Ahadi ya Saa 24

Je, anayeahidi asichokijua anasema uongo? Mafakihi wengi wamekataza kuuza samaki angali baharini, kwa kuwa muuzaji hana mamlaka naye. Mtu wa masoko anayetangaza kwamba tovuti ya kampuni inapokea oda saa 24, bila kujua seva iko wapi, hayuko mbali na muuzaji huyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwingineko. Katika hali hiyo tovuti inayokaa kwenye seva za Ulaya humponyoka mteja wa Dar es Salaam, ilhali yenye nakala hapahapa nchini ina nafuu, maana ombi la mteja halilazimiki kuvuka bahari.

Wapo watakaosema kujua seva iko wapi ni kazi ya mafundi. Sawa, hakuna anayemtaka mtu wa masoko achezee seva (Mungu apishe mbali). Lakini fundi hakumwahidi mteja kitu. Kutojua husamehewa pale kujua kusipowezekana, na hapa swali moja lingetosha: waya ukikatika, mteja wetu ataona nini? Jibu likiwa kwamba hataona kitu, basi hiyo "saa 24" ifutwe kwenye bango kabla halijachapishwa.