Mwendo wa Polepole

Somo: Mwanzo 25:21-22, 32:24-31, 33:12-14



Mwezi huu tumeona vema kunena nanyi juu ya jambo lisilosemwa kanisani, nalo ni maumivu ya nyonga yawapatayo wanawake wenye mimba. Labda mmoja wenu atauliza, Je! hilo ni neno la mchungaji, si la mkunga? Twajibu ya kuwa sisi nasi tulifikiri hivyo kwa miaka mingi, na kwa kufikiri hivyo tulimkosea mama mmoja wa usharika wetu. Tutaeleza, maana haifai mchungaji awaite watu kuungama naye mwenyewe afunge kinywa.

Sisi twakaa katika mteremko wa Kilimanjaro. Ayajuaye maisha ya huku azijua njia zetu, kwamba hakuna iliyo sawa: ni kupanda na kushuka. Ng'ombe hufungwa nyumbani, na majani yao hukatwa mbali, mara nyingi huko chini tambarare, yakaletwa juu kwa kichwa, na kichwa hicho ni cha mwanamke. Vivyo hivyo mikungu ya ndizi ya sokoni, na kuni, na maji mahali ambapo bomba halijafika. Mama huyo alikuwa na mimba ya miezi saba. Jumapili moja ya Chakula cha Bwana alikuja madhabahuni pamoja na wenziwe. Wenziwe wakapiga magoti, yeye akabaki amesimama. Mzee mmoja akamnong'oneza apige magoti kama wengine. Akapiga. Lakini alipotaka kuinuka hakuweza, hata wanawake wawili wakamshika makwapani wakamwinua, na uso wake ulikuwa umelowa jasho. Baada ya ibada tulimwita, tukamwambia kwa upole (ndivyo tulivyodhani) ya kuwa uchungu wa uzazi ulianza kwa Hawa, na Mkristo huuchukua kwa saburi. Akainama, akasema, "Ndiyo, Baba Mchungaji." Akaenda zake, wala hatukumwona tena kanisani hata akazaa.

Mama wa nyumba yetu ndiye aliyekwenda kumtazama. Alimkuta anatoka kitandani kwa mikono na magoti, kwa kuwa kila alipotenga mguu mmoja na mwingine alihisi kama mfupa wapasuka. Akamwuliza, Mbona hukusema? Akajibu, "Mchungaji alisema ni mambo ya Hawa. Basi nitamwambia nani tena?"

Neno hilo lilituondolea usingizi. Tukarudi katika sura ile ya tatu ya Mwanzo, tukaisoma upya, tukaona jinsi tulivyoisoma nusu. Maana baada ya mwanamke kuambiwa habari ya utungu wake, mwanamume naye aambiwa habari ya miiba na magugu na jasho. Lakini yuko wapi mwanamume aachaye magugu katika kahawa yake akisema, Hii ni laana ya Adamu, haifai kuiondoa? Hunoa jembe alfajiri, tena akiweza huajiri vibarua. Kwetu wenyewe twaisoma sura ile kama habari ya taabu ya kupigana nayo. Kwa wake zetu twaisoma kama amri ya kunyamaza. Hii si haki, wala siyo maana ya Maandiko.

Basi mtazameni Rebeka. Alingoja miaka 20 apate mtoto, na Isaka akamwombea. Alipopata mimba, mapacha wakasukumana ndani yake kwa nguvu, hata akaona maisha yake hayana maana. Hatusemi ya kuwa aliumwa nyonga. Maandiko hayasemi hivyo. Lakini yasema alitaabika katika mimba ile ile aliyoiombea, naye hakunyamaza, bali alikwenda kumwuliza Bwana sababu. Je! alikemewa? Aliambiwa ya kuwa hana shukrani? Sivyo, alijibiwa. Mwanamke aweza kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, na siku iyo hiyo akalia kwa ajili ya mwili wake, wala hakuna unafiki ndani yake.

Na siku hizi mwenye kuuliza hujibiwa pia kwa vinywa vya waganga na wakunga, nao ni watumishi wa Mungu katika kazi yao. Haya ndiyo tuliyojifunza kwao. Nyonga si mfupa mmoja, bali ni mifupa iliyoshikamana kama pete. Ina maungio mawili nyuma, mahali uti wa mgongo unapokalia, na moja mbele, penye kinena. Maungio hayo yamefungwa kwa kano zenye nguvu. Mwanamke akichukua mimba kano hulegea, ili mtoto apate njia, na tumbo likikua uzito wasogea mbele. Kwa wengine maungio hayo hayaendi sawasawa tena, ndipo maumivu yaanzapo, mbele kinenani, au nyuma juu ya matako, na mara yashuka mapajani. Huzidi akipanda ngazi, akigeuka kitandani, akisimama kwa mguu mmoja, akikaa miguu imetengana juu ya pikipiki. Katika wajawazito 5, mmoja hivi hupatwa nayo. Hayamdhuru mtoto, na kwa wengi hupungua baada ya kuzaa, ingawa wako ambao hukaa nayo miezi mingi. Walakini asiyelala usiku haimtoshi kusikia ya kwamba mtoto yu salama.

Iko misaada. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliwaagiza watunzao wajawazito ya kuwa mazoezi ya mwili katika siku za mimba huzuia maumivu ya mgongo na ya nyonga, na ya kwamba yakiisha kutokea iko tiba ya viungo na mikanda ya kushika nyonga. Mkunga atamfundisha mama jinsi ya kuufunga mkanda, maana ukifungwa vibaya hauna faida. Nyumbani na avae nguo ameketi, asisimame kwa mguu mmoja. Akigeuka kitandani na abane magoti pamoja. Akilala ubavu na aweke mto kati ya magoti. Akipanda ngazi aende kidato kwa kidato. Asimbebe mtoto mkubwa upande mmoja wa kiuno. Atembee, asilale mchana kutwa, lakini akome kabla maumivu hayajamkomesha. Dawa ya maumivu asinunue dukani kwa shauri la jirani, bali aulize kliniki. Tena na ajulikane tofauti: akitoka damu, au maji yakivuja, au ana homa, au mkojo wawaka, au maumivu yaja na kwenda kama utungu kabla ya wakati wake, au mtoto amepunguza kucheza, hiyo siyo habari ya nyonga tu. Asingoje kesho, apelekwe hospitali saa ile ile.

Sasa tumgeukie mwana wa Rebeka. Katika Maandiko yuko mwanamume ambaye tunajua hakika ya kuwa nyonga yake iliumia, naye ni Yakobo. Usiku ule penye kivuko cha Yaboki aliguswa nyonga ikateguka, na pale pale akabarikiwa; jua likamchomozea akichechemea. Angalieni, baraka na kuchechemea vilimpata katika usiku mmoja, kwa mkono mmoja. Basi ni nani kati yetu atakayemwona mama anachechemea katika njia ya kanisani, kisha atafute dhambi gani ameitenda? Tumesikia maneno hayo yakinong'onwa, tena na Wakristo waliobatizwa tangu utoto.

Baada ya hayo Yakobo akakutana na Esau, na Esau akataka waende pamoja kwa mwendo wa watu wake 400. Yakobo akakataa. Alisema watoto ni wachanga, na mifugo yanyonyesha, ikisukumwa kwa nguvu siku moja tu itakufa. Yeye atafuata polepole, kwa mwendo wao. Wako wasemao alikuwa bado anamwogopa nduguye, na iwe hivyo. Lakini sisi twaona ya kuwa mtu yule, aliyezoea kuwatangulia wengine kwa hila tangu tumboni, alijifunza kwenda kwa mwendo wa walio dhaifu baada ya nyonga yake mwenyewe kuumia. Naye Isaya, katika sura ya 40, amwonyesha Bwana kama mchungaji awaongozaye taratibu wale wenye wachanga.

Ndugu wanaume, neno hili ni lenu kwanza. Mwendo wa nyumba yako ni wa nani siku hizi, ni wako au ni wa yule achukuaye mimba? Mzigo wa majani waweza kuubeba wewe. Twajua utachekwa njiani. Daktari Martin Luther aliliona hilo mwaka 1522 katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, alipoandika habari ya baba afuaye nepi za mtoto: watu humcheka kama mpumbavu, lakini Mungu pamoja na malaika zake hufurahi. Naye alikuwa hajaoa bado. Alioa mwaka 1525, hata hivyo alikwisha kuona mbali kuliko wengi wetu tuliooa zamani. Mwanamume achekwaye kwa majani ya ng'ombe ashika kazi ya Kikristo kuliko aimbaye kwa sauti kuu huku mkewe anafuata nyuma na mkungu kichwani.

Nanyi walimu, mwenye mimba asiyeweza kupiga magoti apelekewe Chakula cha Bwana pale alipoketi, bila kuulizwa mbele ya watu. Bwana wetu aliwapa wanafunzi wake walipokuwa mezani. Mafundisho ya jioni yafanywe nyumbani kwake ikiwa mlima wamshinda. Na yule asiyeonekana Jumapili mbili, msiandike "mvivu" katika daftari kabla hamjafika mlangoni kwake.

Mama yule tulimwendea baada ya kuzaa, tukamwomba radhi mbele ya mumewe. Hakusema mengi. Alimweka mtoto kifuani, akatuuliza kama kile kiti chenye mgongo, kilichomo katika sakristia, kina kazi siku za Jumapili, kwa kuwa yuko jirani yake mwenye mimba ya miezi sita, naye amekwisha kuanza kuchechemea. Kiti kile sasa kinakaa karibu na mlango, upande wa wanawake.