Tuktuk Isiyopiga Hodi

Kuna swali ambalo Mji wa Kale wa Mombasa hutuuliza kila msimu wa wageni, nasi twajifanya hatulisikii: mtu akilipa ili aangalie mtaa, amemlipa nani? Na wale wanaoangaliwa, wana neno lolote la kusema?

Nauliza sasa kwa sababu ya tuktuk za umeme. Tuktuk zenyewe si geni kwetu. Zile za petroli na dizeli twazijua kwa moshi wake na kwa ule mlio unaokufikia kabla gari halijakata kona. Sasa zimeanza kuingia hizi zisizo na mlio. Wageni watatu wanapanda nyuma pale Fort Jesus, mbele yuko dereva ambaye ndiye pia mwelezaji. Wanapita msikiti wa Mandhry, wanafika Bandari ya Kale, wanarudi kwa Ndia Kuu, na kabla lisaa halijaisha wameshauona mji. Hawakutoka jasho, hawakumtia mtu moshi puani. Kila mtu kafaidi, sivyo?

Nianze kwa haki, maana faida zipo na si ndogo. Umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa watokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo dereva anapochomeka chaji usiku hauhamishi tu moshi kutoka Kibokoni kwenda kwa watu wengine. Barabara zenyewe ni nyembamba, nyumba zimesimama bega kwa bega, na mlio wa injini ukiingia humo haupati pa kutokea. Mahali ambapo misikiti iko hatua chache chache, gari linalopita kimya wakati wa sala limefanya adabu kuliko lile linalonguruma. Halafu kuna miguu. Jua la Januari halimwonei huruma mtu wa miaka sabini. Wako wanaotaka kuuona mji huu na hawawezi kuutembea, na kuwaambia wakae hotelini waangalie picha si ustaarabu.

Basi shida iko wapi?

Iko kwenye hodi. Chuoni tulifundishwa kwamba ukifika mlango wa mtu upige hodi mara tatu, usipojibiwa urudi ulikotoka. Na tukafundishwa sababu yake, ambayo wengi tumeisahau: hodi iliwekwa kwa ajili ya jicho. Mwenye nyumba anapewa muda wa kuvuta leso, kuondoa sinia, kufunga mlango wa ndani, kuwa mtu wa kuonekana. Ukishaona, umeshaingia, hata kama miguu yako bado iko nje. Wazee walilifupisha hilo waliposema macho hayana pazia. Kwa kuwa macho hayana pazia, pazia lilibidi liwekwe mahali pengine: kwenye nyumba, na kwenye tabia ya anayepita.

Mama yangu mkubwa anakaa Kibokoni, ghorofa ya chini, mlango wake waelekea njia. Jioni hukaa barazani na wenzake, na alasiri hukaa pale mlangoni akikuna nazi, kwa kuwa ndipo penye upepo. Siku moja nimekaa naye, tuktuk ya umeme ikatokea. Hatukuisikia. Tulipoinua uso simu tatu zilikuwa zishaelekezwa kwetu, na kabla hajaishika leso yake vizuri, washapita.

"Ile ya kwanza yalia," akaniambia. "Ikiwa kule kwa muuza kahawa najua gari yaja, najisitiri. Hii yaja kama paka."

"Wamepiga picha ya nazi tu, mama," nikamwambia.

"Nazi haina mikono, mwanangu. Mikono ni yangu."

Hakuwa na hasira. Alirudi kwenye mbuzi wake akaendelea kukuna. Ila mimi nilibaki na lile neno. Mtu anayepigwa picha bila kuulizwa hajaibiwa kitu unachoweza kukipeleka polisi. Nazi ipo, leso ipo, mikono ipo. Na bado kuna kitu kimechukuliwa, na sote wawili tulijua.

Utaniambia njia ni ya umma. Sawa. Mimi pia nikipita Moi Avenue sitaki kumuomba mtu ruhusa ya kuangalia mbele. Lakini Mji wa Kale haukujengwa kwa kanuni ya Moi Avenue. Tazama nyumba zenyewe. Nje kuna baraza ya mawe, imeshikana na ukuta, na ukikaa pale husemi uko barabarani wala husemi uko ndani. Juu kuna roshani za mbao, nyingine zenye kimia cha vibao vilivyotobolewa, ili walioko ndani waone njia bila njia kuwaona. Fundi aliyechonga kimia kile alikuwa akijibu swali la kimaadili kwa msumeno na patasi. Alisema: mwenyeji ana haki ya kuona bila kuonekana, mpita njia yeye aonekane, ajulikane ni nani, mtoto wa nani, anakwenda kwa nani. Mgeni huonwa kwanza, ndipo aone.

Tuktuk isiyo na sauti imeligeuza jambo hilo. Aliyekaa chini ya turubai, kwenye kivuli, na simu mkononi, ndiye sasa anayeona kabla hajaonwa. Kimia kimehama kutoka kwenye roshani kimepanda garini. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi mama mkubwa kuliko picha yenyewe.

Na si mambo ya Waswahili peke yao haya. Huko Ulaya, tangu 2019, sheria imetaka aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti ya kutengenezwa zinapokwenda polepole, chini ya kilomita 20 kwa saa. Sababu iliyotolewa ni usalama, hasa wa wasioona na waendao kwa miguu. Watu walitengeneza gari kimya, wakalisifu kwa ukimya wake, kisha wakagundua kwamba kufika bila kusikika ni hatari kwa mwenzako. Wakaamua gari lipige hodi. Ila spika chini ya gari yakwambia tu kitu kinakuja. Haikwambii ni nani anayekuja, wala haikungoji ujibu.

Tena si mara ya kwanza mji huu kuonyeshwa kwa mtu aliyekaa. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza, ile IBEA, ilianza kutandaza reli nyembamba kwa tamaa ya kufika ziwani Victoria. Mradi ukafa baada ya maili chache. Reli zile zikapata kazi nyingine hapa kisiwani: zikapitishiwa vigari vidogo vyenye kiti na turubai, na mpaka miaka ya 1920 maafisa na wageni wa Kizungu walipanda vigari hivyo huku Waafrika wakivisukuma kwa nyuma, mbio, peku. Zamani zile hata Ndia Kuu ilibandikwa jina la Vasco da Gama, mtu aliyefika Mombasa Aprili 1498, asipate makaribisho, akaenda zake Malindi. Jina limeondoka, reli zimeondoka. Kiti kimebaki, na kivuli chake.

Sitaki kufananisha vitu visivyofanana. Dereva wa tuktuk leo hasukumi mtu. Ana kazi, ana mdomo, ana hadithi zake, na jioni ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari. Mtalii wa leo naye hakuja kututawala. Wengine ni vijana wa Nairobi na Eldoret waliopanda SGR kuja kula raha wikendi. Ninachosema ni kwamba kiti kina mafunzo yake. Kinamfundisha aliyekikalia kwamba mji ni kitu kinachopita mbele ya macho yake, kama sinema. Pia kinamchagulia cha kuona, kwa kuwa magurudumu matatu hayaingii kila kichochoro. Unaona milango ya nakshi ya barabara kubwa. Mlango wa fundi cherehani, kisima cha msikiti, watoto wanaocheza mpira wa soksi kwenye upenyo wa mita mbili, hivyo vimekaa nje ya ziara. Kwa hilo la mwisho, pengine twapaswa kushukuru.

Sasa turudi kwenye pesa. Ukiingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga 1593 hadi 1596 na UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011, unakata tiketi. Pesa zaenda Makumbusho ya Taifa, na kuta zile hazina mtu anayelala ndani. Ukitoka ukavuka njia ukaingia mtaani, hakuna tiketi. Lakini mtaa nao umewekewa masharti. Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi 1990, na kuna ofisi ya kusimamia uhifadhi wake. Mwenye nyumba hawezi tu kuamka asubuhi akang'oa roshani ya mbao akaweka ya chuma kwa kuwa ni rahisi. Mbao nzuri ni ghali, chokaa inataka fundi anayeijua, na chumvi ya bahari haipumziki. Uzuri unaoangaliwa bure unagharamiwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mjane mwenye wapangaji wawili.

Siungi mkono tiketi ya mtaa, ikiwa unadhani huko ndiko ninakokwenda. Siku utakapouza tiketi ya kuingia mtaani, wakazi watakuwa maonyesho yaliyolipiwa, na mteja aliyelipa atadai haki yake ya kuona. Lisbon, mji wa hao hao Wareno, mitaa ya kale kama Alfama imejaa tuktuk za watalii, nyingi zake za umeme, na bado wenyeji wamelalamika. Umeme uliwaondolea moshi, haukuwarudishia mtaa.

Nani basi amenionyesha njia nyingine? Ni mjomba wangu, aliyekuja likizo kutoka Muscat. Kazaliwa Mji wa Kale, kaondoka kijana, karudi na magoti yasiyopanda hata ngazi mbili. Tukamkodia tuktuk, na iliyopatikana ikawa ya umeme. Safari ya dakika ishirini ilituchukua karibu saa mbili. Kila baada ya mlango wa tatu: "Simama, baba, simama hapa." Akitoa kichwa nje, asalaam alaikum, akajitaja kwa jina la baba yake. Wengine walimkumbuka. Wengi hawakumjua kabisa, ni vijana waliopanga juzi, lakini walijibu salamu, wakamuuliza hali, mmoja akamletea maji. Dereva alianza kuguna juu ya hesabu yake. Mjomba akamwongeza pesa, na kufika Bandari ya Kale dereva mwenyewe ndiye aliyekuwa akitoa salamu.

Gari lile lile, kimya kile kile. Hakuna aliyevuta leso kwa kushtuka, kwa sababu kila mtu alipewa muda. Usiniambie ni kwa kuwa mjomba ni mwenyeji. Wale wapangaji hawakumjua kuliko wanavyomjua Mjerumani. Walichokijua ni kwamba huyu amesimama, ameonekana, ameacha ajibiwe au asijibiwe. Hayo mgeni yeyote anaweza.

Kwa hivyo kwa wenzangu wanaoendesha hizi tuktuk, na wanaopanga kununua, ombi langu ni dogo na lina gharama. Wekeni salamu ndani ya bei. Msiuze ziara ya lisaa yenye vituo kumi. Uzeni ya lisaa yenye vituo vinne, na kwenye kila kituo gari lisimame, dereva atoe salamu kwanza, mgeni afundishwe kuijibu, simu ibaki mfukoni mpaka mtu akubali. Akikataa, mwondoke bila kununa. Mtapata safari chache kwa siku, na hesabu ni hesabu, nalijua hilo. Mwenye gari naye aambiwe. Kama biashara haiwezi kubeba dakika za salamu, basi ilikuwa ikiishi kwa kula kitu cha watu wa mtaa bila kukilipia.

Na kwako unayekuja wikendi: wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huponywi na mtu aliyepita mlangoni pako kimya akaondoka na picha ya mikono yako. Shuka, hata hatua kumi. Uonekane. Watu wakikukodolea macho kidogo usiudhike, hiyo ni zamu yao.