Je, Njia Isiyopitwa Ilitengenezwa Bure?



Kijana mmoja niliyemfundisha zamani katika chuo cha ualimu, ambaye sasa anakaa jimbo la Minnesota huko Marekani, aliniandikia barua juu ya chama cha majirani zake, akaniuliza kama ajiunge nacho. Ni chama cha wenye pikipiki za theluji. Chombo hicho hakina magurudumu. Mbele kina miguu miwili mirefu ya kutelezea, na chini yake mkanda wa mpira unaozunguka. Wengine watasema ni mchezo wa wenye nafasi. Lakini Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934 kwa kuwa theluji iliziba njia ya kwenda hospitali. Baada ya msiba huo aliunda magari ya kupita juu ya theluji, na mwaka 1959 akatoa pikipiki yake ya Ski-Doo.

Minnesota ina njia za pikipiki hizo zaidi ya kilometa 30,000, na nyingi hutunzwa na wanachama wanaojitolea. Serikali ya jimbo huchangia fedha. Jasho ni lao. Kabla ya baridi hufyeka matawi, hutengeneza madaraja madogo, husimika alama, tena huwaendea wakulima kuomba ruhusa, maana njia nyingi hupita katika mashamba ya watu. Theluji ikianguka, trekta hutoka usiku kuishindilia, kwa sababu baridi ya usiku ndiyo huigandisha vizuri.

Basi majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa na joto kuliko yote yaliyopata kupimwa katika jimbo hilo. Mashindano makubwa ya mbwa wavutao sleji, yaitwayo John Beargrease, yalifutwa kwa kukosa theluji. Trekta za chama zikakaa bandani. Mwanafunzi wangu akaandika, "Mwalimu, wamefanya kazi bure."

Nilitaka kukubaliana naye. Lakini barua yake ilikuwa na habari nyingine. Siku moja theluji kidogo ilianguka, kina cha vidole vitatu hivi, na baadhi ya wanachama wakataka kupita. Walisema, "Ada tumelipa, na njia tumeifyeka wenyewe." Viongozi wakakataa. Pikipiki ikipita juu ya theluji nyembamba huchubua majani ya malisho na udongo. Hata chombo chenyewe huumia, maana nyingi za siku hizi hupozwa kwa theluji inayorushwa na mkanda. Ikikosekana, injini huchemka. Lakini kwangu mimi sababu kubwa ni neno walilompa mkulima. Yeye aliruhusu watu wapite juu ya theluji. Hakuruhusu wapite juu ya malisho ya ng'ombe wake.

Hapo ndipo naona kazi yao haikuwa bure. Aliyefyeka njia kwa mikono yake ndiye mwenye tamaa kubwa ya kuipita, na ndiye aliyetakiwa kusema, "Mwaka huu, hapana." Mimi mwenyewe mwaka mmoja niliandaa masomo ya majuma matatu, mvua ikabomoa barabara, wanafunzi wasifike. Nilinung'unika sana. Nilifikiri masomo yale ni mali yangu, na kwamba nimenyang'anywa.

Liko jambo moja ambalo sitalifunika. Pikipiki hizo hutumia petroli, na moshi wa petroli ni mmoja wa mambo yanayoipasha dunia joto. Moshi wao ni sehemu ndogo ya moshi wa ulimwengu, wala joto la mwaka ule halikuletwa na moshi peke yake, kwani ulikuwa mwaka wa El Niño. Hata hivyo anayelilia theluji hawezi kusema hahusiki kabisa. Nami ninayepanda basi kila juma sina haki ya kumnyoshea kidole.

Nimemjibu ajiunge. Nimemwomba pia, wakutanapo, awaulize wenzake habari ya petroli, kwa upole, maana yeye ni mgeni pale. Anasema mwezi wa Aprili walikwenda kung'oa alama zile ambazo hakuna aliyezifuata, na kwa kila shamba walipita nyumbani kwa mwenyewe kumshukuru.